Maswali ya Wasomaji: Panya ndani ya trela la kulala

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu mstaafu na ninaishi Mkonze, nje kidogo ya mji wa Dodoma. Miaka mitatu iliyopita nilinunua trela la kulala lililokwisha kutumika, lile ambalo wengine huliita karavani, lenye vitanda viwili, jiko la gesi na makabati ya plaiwudi. Kila mwaka mimi na mke wangu hulivuta hadi shambani kwetu Kongwa wakati wa kupanda na wakati wa kuvuna alizeti, kisha tukalirudisha nyumbani na kuliegesha kando ya ghala hadi mvua zikaribie. Mwaka jana tulipolifungua tulikuta magodoro yametobolewa, vipande vya sponji vimejazwa kwenye droo ya vijiko, kinyesi kila mahali, na taa mbili haziwaki. Niliweka sumu nao wakafa, lakini mmoja alifia ndani ya ukuta na harufu yake ilikaa wiki kadhaa. Baadaye wakaja wengine. Mlango na madirisha hufungwa barabara. Je, wanapita wapi, nami nifanye nini kabla ya msimu huu?
Mwalimu mstaafu, Mkonze

JIBU: Mwalimu, shikamoo. Wanapita chini. Mlango na madirisha ya trela kwa kawaida huwa na mipira inayobana vizuri, lakini sakafu yake imetobolewa na fundi wa kiwandani mahali pengi: panapopita bomba la maji safi, bomba la maji machafu, mpira wa gesi na nyaya za umeme zinazotoka kwenye gari linalovuta. Mara nyingi tundu huwa pana kuliko kitu kinachopita ndani yake, na mwanya unaobaki ndio njia ya panya. Panya mdogo wa nyumbani hupita penye upenyo wa milimita 6 tu, kwa kuwa kichwa chake kikipita mwili hufuata. Penseli uliyoishika maisha yako yote ina unene wa milimita 7 hivi; basi ichukue, ulale chali chini ya trela, na kila mahali penseli inapoingia pahesabu kuwa ni mlango. (Lugha yetu huwaita wadogo na wakubwa kwa jina moja la panya, na hapa jambo hilo hutupotosha, maana panya mkubwa huhitaji karibu mara mbili ya upenyo huo, na mtu aliyeziba kwa kumfikiria yeye huwa amemwachia mdogo njia.)

Matundu mengine hayaonekani mchana. Subiri giza liingie, washa taa kali ndani ya trela, fungua milango ya makabati yote na uinue mbao za vitanda, kisha mtu mwingine atazame kutoka nje na kutoka chini. Kila panapopenya mwanga patiwe alama ya chaki. Usisahau sehemu ya juu ya magurudumu, ambako sakafu na ukuta hukutana na ambako mawe ya barabarani hupasua mbao bila mtu kujua.

Kwa kuziba, povu la kupuliza ambalo mafundi wengi hulipenda halifai likiwa peke yake, kwa sababu panya hulitafuna kama mkate. Shindilia kwanza stilwaya, ile ya kusugulia sufuria, mpaka tundu libane, kisha ifunike kwa silikoni ili isilegee na isipate maji, kwani hushika kutu upesi. Penye uwazi mkubwa tumia kipande cha bati au wavu wa chuma wenye macho yasiyozidi milimita 6, ukikaze kwa skrubu. Jambo moja ninakuomba ulizingatie kuliko yote niliyoandika hapa: kwenye sanduku la mtungi wa gesi, na pengine kwenye sakafu karibu na jiko, kuna matundu yaliyowekwa makusudi. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hutuama chini, na matundu hayo ndiyo huitoa nje. Hayo yawekewe wavu, wala yasizibwe kamwe.

Sasa niseme juu ya mahali unapoliegesha, kwa sababu naona hapo ndipo shida yako ilipoanzia. Katika mkoa wetu mvua hunyesha kuanzia Desemba hadi Aprili, na panya shamba huzaliana kwa kufuata mvua hiyo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, pale Morogoro, wamewafuatilia panya hawa kwa miongo kadhaa, na wakulima wanajua kwa macho yao wenyewe kinachotokea: jike hubeba mimba siku 23 hivi, huweza kuzaa watoto kumi au zaidi kwa mkupuo mmoja, na mvua zinapokoma panya huwa wamejaa shambani. Mavuno yakiisha, mashamba yakabaki vichaka vikavu na udongo mtupu, panya hutafuta palipo na chakula na kivuli. Wewe wakati huohuo unaleta trela lenye magodoro laini na kuliweka ubavuni mwa ghala lenye alizeti. Mimi ningekuwa panya nisingesita.

Liondoe hapo. Liegeshe mbali na ghala kadiri uwanja wako unavyoruhusu, juu ya zege au kokoto, na pembeni pawe peupe pasipo nyasi wala kuni kwa upana wa mita mbili au tatu. Najua utafikiria maghala ya kizamani yaliyoinuliwa juu ya miguu, ambayo wazee waliyawekea vizuizi ili panya asipande. Ni fikra nzuri, na hata leo ghala lililoinuliwa mita moja kutoka ardhini na kuvishwa koni za bati miguuni hulinda nafaka vizuri. Lakini trela lina matairi, jeki na mkono wa kuvutia, na mara nyingine waya wa umeme uliotandazwa kutoka nyumbani. Ukivisha koni jeki nne na kuacha matairi mawili yakigusa ardhi, hujafanya kitu.

Kama mlibeba magunia ya alizeti ndani yake kutoka Kongwa, na nashuku mlibeba, toeni mbao za chini ya vitanda mfagie punje zote zilizodondokea kwenye kona. Sabuni na mishumaa navyo ni chakula kwa panya. Kitakacholazimu kubaki kiwekwe kwenye debe lenye kifuniko. Magodoro ni afadhali yalale ndani ya nyumba.

Kuhusu usafi wa uchafu wa mwaka jana, usifagie pakiwa pakavu. Fungua mlango na madirisha nusu saa kabla ya kuingia, vaa glavu na ufunike pua na mdomo, nyunyizia kinyesi na viota dawa ya klorini iliyochanganywa kipimo kimoja kwa maji tisa, ngoja dakika kumi, kisha futa kwa kitambaa utakachokichoma. Wengi tulilisikia jina la homa ya mgunda mwaka 2022, ilipozuka Ruangwa mkoani Lindi. Ugonjwa huo huenezwa na mkojo wa wanyama, panya wakiwamo, na huingia mwilini kupitia michubuko, macho na mdomo.

Taa zisizowaka zinaniambia kwamba nyaya zimeguguniwa. Meno ya mbele ya panya hayaachi kukua, kwa hiyo hutafuna hata kisicholiwa. Usiunganishe betri kabla fundi umeme wa magari hajakagua nyaya nzima, na waya uliovuliwa ganda ubadilishwe badala ya kuviringishiwa utepe. Mpira wa gesi nao upakwe maji ya sabuni huku mtungi umefunguliwa na jiko limezimwa. Mapovu yakifura mahali popote, funga mtungi, ununue mpira mpya.

Mitego ya kubana iwe ya mwisho, baada ya kuziba, kwa ajili ya waliofungiwa ndani. Panya hutembea akigusa ukuta, kwa hiyo mtego ukae ubavuni mwa ukuta, upande wa chambo ukielekea ukutani, na chambo kiwe karanga iliyosagwa, kidogo kama punje ya mahindi. Itazame kila asubuhi. Usiku tatu mfululizo bila kitu zinatosha.

SWALI: Sisi ni mafundi wa barabara na tunalala kwenye trela la kambi upande wa Manyoni. Mmoja wetu anataka tuweke naftalini kila kona, mwingine ameagiza kile kifaa cha umeme kinachotoa mlio wa kufukuza panya, na mpishi anasema tufuge paka. Nani yuko sahihi?
Mafundi wa kambi, Manyoni

JIBU: Mpishi, kwa kiasi. Paka atapunguza panya wa nje, ingawa hawezi kuingia ndani ya ukuta wala chini ya sakafu. Naftalini iacheni: kiasi cha kumkera panya ndani ya chumba kidogo kitawaumiza kwanza ninyi mnaoivuta usiku kucha. Mlio wa kile kifaa hauvuki kabati wala godoro, na panya huuzoea baada ya siku chache. Mkiamua kufuga paka, basi msitumie sumu, kwa kuwa sumu nyingi za panya huchukua siku kadhaa kuua, na panya aliyekwisha kuila huyumba mchana mbele ya paka na usiku mbele ya bundi, nao wakamla.

Zibeni kama nilivyomweleza Mwalimu, na kwa kuwa trela lenu huhamishwa kila kambi inaposogea kwenye barabara ya vumbi, mtikisiko utalegeza stilwaya na kupasua silikoni. Kila mnapofika mahali papya mmoja alale chini na penseli yake kabla ya mabegi kuingizwa ndani.