Usimnyanyue mgonjwa mwenye mwili mkubwa, msaidie anyanyuke

Mama yangu ana kilo 138. Naanza na hiyo namba kwa sababu tulikaa naye nyumbani karibu wiki mbili bila kuijua, sisi tunaona aibu kumuuliza na yeye anaona aibu kusema, na mambo mengi yaliyotuharibikia yalianzia hapo.

Alipata kiharusi mwaka jana, upande wa kushoto ukalegea. Akaruhusiwa kurudi nyumbani Tabata na dawa na tarehe ya kliniki, basi, hakuna aliyekaa na sisi kutuonyesha namna ya kumgeuza wala kumkalisha. Siku ya tatu tukaamua kumpeleka bafuni, mimi na kaka tukamshika kwapani, mdogo wetu akabeba miguu, kijana wa jirani akasukuma mgongoni, moja mbili tatu twende, mama akapiga kelele ambayo mpaka leo naisikia. Bega la kushoto lilivutika, kaka akabaki ameinama kashika kiuno, na mama yuko chini kwenye tailizi analia anasema niacheni tu hapahapa.

Jamani, mtu aliyepooza msimvute mkono wala msimnyanyue kwa kwapa. Misuli inayoshikilia bega inakuwa imelegea, ukivuta unaweza ukalichomoa mahali pake.

Tukatafuta dada mmoja wa fizio, yaani mtaalamu wa mazoezi ya viungo, awe anakuja nyumbani. Kitu cha kwanza alimsalimia mama vizuri, shikamoo mama, akavuta stuli akakaa, halafu akamuuliza yeye mwenyewe, sio sisi pembeni, mama una kilo ngapi, nataka nijue vifaa gani vitakufaa. Mama akajibu palepale, kumbe alipimwa wodini. Fizio akaangalia ile woka tuliyonunua, ile fremu ya kushikilia wakati wa kutembea, akatuonyesha stika yake, mwisho kilo 100. Yaani tulikuwa tunamwegemeza mama kwenye kitu ambacho kingekatika. Woka nyingi za kawaida mwisho wake ni kilo 100 mpaka 136 hivi, na wilichea, kiti cha magurudumu, ni hivyohivyo, kwa hiyo ukienda dukani uliza inabeba kilo ngapi na usome mwenyewe, na kama haijaandikwa usinunue. Viti vya plastiki ndo usahau kabisa, miguu inaachana ghafla kwenye tailizi.

Alituambia kingine ambacho kilinifungua macho, kwamba mguu mmoja wa mtu ni kama sehemu moja ya sita ya uzito wake. Wa mama peke yake ni zaidi ya kilo 20, na wataalamu wa Marekani wanasema mtu mmoja asibebe zaidi ya kilo 16 anapomhudumia mgonjwa kwa mikono. Sasa fikiria yule mdogo wangu alikuwa na miguu yote miwili.

Baada ya hapo akamwambia, mama, leo hatukunyanyui, leo unanyanyuka wewe. Nilidhani haiwezekani. Alimsogeza mpaka kwenye ukingo wa kitanda taratibu, tako moja kisha lingine, akamwacha akae dakika mbili kwanza maana dawa za presha zinaweza kuleta kizunguzungu mtu akiinuka haraka. Miguu ikarudishwa nyuma kidogo chini ya magoti na kuachana, kwa sababu tumbo likiwa kubwa linahitaji nafasi katikati ya mapaja ndo mtu aweze kuinama mbele. Mkono wa kulia, ule usiopooza, ukasukuma kitanda, sio kuvuta woka, woka ukiivuta inakuja na wewe. Akainama mpaka pua ikapita vidole vya miguu, akajiyumbisha mara mbili, ya tatu akasimama. Sekunde kama tano hivi, fizio yuko upande wa kushoto anazuia goti lisikunje, mimi nalia tu.

Kitanda nacho kiinuliwe, kikiwa chini sana hasimami mtu. Sisi tuliweka matofali na fundi akaongeza chaga. Fundi wa kuchomelea akatutengenezea kiti kipana cha chuma chenye mikono na tundu katikati kwa ajili ya choo, na kabla hatujalipa tulikaa watu wawili juu yake kwa pamoja kukijaribu.

Kumgeuza kitandani tunatumia vipande viwili vya kile kitambaa kinachoshonewa makoti ya mvua, vinawekwa chini yake vinateleza kimoja juu ya kingine, watu wawili wanatosha. Ukimaliza vitoe, vinaweza kumtelezesha mpaka chini. Kila baada ya masaa mawili tunamgeuza ili asipate vidonda, na kichwa kinakaa juu kidogo maana akilala chali kabisa pumzi inambana. Na joto hili la Dar, chini ya matiti, chini ya tumbo na kinenani osha na kausha kwa kugusagusa, usisugue, halafu weka kipande cha khanga safi cha pamba, la sivyo fangasi na michubuko.

Akianza kuanguka usimdake, utaumia wewe na yeye. Linda kichwa, mwache ashuke taratibu, muweke mto, kisha tulia muite watu. Na ukiona mguu mmoja umevimba na unauma kwenye shavu la mguu, au amebanwa pumzi ghafla, hapo acha mazoezi nenda hospitali muda huohuo, damu inaweza kuwa imeganda. Msiite bajaji, haingii vizuri, tafuta Noah au piga simu ya ambulansi uwaambie uzito mapema.

Sasaivi mama anafanya kukaa na kusimama mara tano asubuhi na mara tano jioni, akishindwa kumaliza sentensi kwa kuhema tunapumzika. Jumamosi iliyopita alitoka ndani mpaka getini, kile kiti cha chuma tumekiweka katikati ya njia, akakaa mara moja tu.