Uchovu sugu: mpimeni kwanza, mhubirieni baadaye

*Binti yangu wa kidato cha pili amechoka tangu Januari. Tuanze tiba ya mazungumzo kifamilia? (Mama, Morogoro)*

Kapimwa nini? Hujasema, kama wenzako wengi wanaoniandikia. Wingi wa damu, sukari, tezi ya thairoidi, kifua kikuu, VVU, mimba, na sonona pia iulizwe. Na acheni kumnywesha dawa ya malaria kila akilala mchana. Mwongozo wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, wa 2021, hauthibitishi ugonjwa wa uchovu sugu (ME/CFS) kabla dalili hazijatimiza miezi 3.

*Tiba hiyo inaponya?*

Hapana. Inasaidia kuishi na ugonjwa.

*Baba wa nini kwenye kikao? Anayeumwa ni mtoto. (Baba, Tanga)*

Kwa sababu wewe unamwita mvivu, mama anampelekea chai kitandani, na mtoto yuko katikati yenu. Kikao kizuri huanza na daftari lake: amelala saa ngapi, amefanya nini, kesho yake ikawaje. Anasoma mwenyewe, nyie mnanyamaza. Kisha mnapatana jambo dogo, labda asome nusu saa na apumzike kabla hajaishiwa nguvu, na hapo baba huruhusiwi kuongeza “na vyombo je?”

Msidhani wingi wa vikao ndio dawa. Watafiti wa chuo cha King's College London walijaribu kwa vijana 63 wenye uchovu sugu, wa miaka 11 hadi 18, matokeo yakatoka 2010: kundi moja vikao 13 vya kifamilia, jingine vinne vya kuelimishwa tu. Miezi sita baada ya tiba, mahudhurio ya shule yalikaribiana.

*Mjomba anataka akimbie mchakamchaka kila alfajiri azoee.*

Mjomba akimbie mwenyewe. NICE wamekataza mazoezi ya kuongezwa kwa ratiba bila kujali hali ya mgonjwa.

*Si uvivu tu na simu za usiku?*

Simu ilale chumbani kwako wiki mbili, utajua. Ila mvivu huchoka kwa kazi asiyoitaka. Huyu hucheza mpira anaoupenda Jumamosi, Jumatatu hawezi hata kubeba begi.

*Mshauri anadai tulipie vikao ishirini kwa mkupuo, anatuhakikishia atapona.*

Ondokeni. Kwa pesa hiyo mpelekeni mtoto hospitali ya mkoa, mwombe na barua ya daktari ili mwalimu mkuu amruhusu kuhudhuria nusu siku.