Mtegoni Hakuna Mbao

SWALI: Ninaandaa somo la kuishi porini kwa vijana wa skauti. Je, ni sahihi kuandika "mbao asilia ya kufyatulia mtego"? Na kipande hicho chenyewe huitwaje?

JIBU: Kipande kinachouzuia mtego, kisha kuuachia pindi mnyama anapokigusa, ni kifyatuo, kwa kuwa mtego hufyatuka; wazee walikiita mtambo, neno ambalo limehamia viwandani na sioni dalili ya kurejea. Anayeushusha mtego kwa hiari yake kabla haujanasa kitu, huyo anautegua.

Sasa tuje kwenye hiyo mbao. Ubao, ambao wingi wake ni mbao, ni mti uliokwisha kupita kwenye msumeno ukawa bapa. Hata hivyo, kila nisomapo miongozo ya siku hizi naambiwa kwamba mwiko ni wa mbao, rungu ni la mbao, na hata moto wa kambini umekokwa kwa mbao, kana kwamba lugha hii haijapata kuwa na kuni, gogo, ufito, kigingi wala kijiti. Mitaani Nairobi mbao ni shilingi 20, na huko angalau kila mtu anajua anachopewa.

Tazama mtego wa kuangusha jiwe, ule wa vijiti vitatu: kimoja kimesimama, cha pili kimekaa mshazari kikibeba jiwe, na cha tatu, chenye chambo, kimelala kikivishika vyote viwili kwa mikato iliyochongwa. Mikato hiyo ndiyo roho ya kifyatuo, nayo hutaka kijiti kikavu na kigumu, kwa sababu kijiti kibichi hubonyea chini ya uzito wa jiwe, kisha kikikauka husinyaa na kupinda, hata mtego ukafyatuka wenyewe usiku au usifyatuke kabisa. Kilichooza nacho huvunjika kabla panya hajafika. Mtego wa kitanzi, kwa upande wake, huhitaji ufito mbichi unaopindika na kurudi kwa nguvu, kigingi kikavu cha kuuzuia, na kamba ya ukindu au ya gome la mbuyu. Ukiviita vyote hivyo "mbao", huyo kijana atajuaje akate kipi kikiwa kibichi na aokote kipi kikiwa kikavu?

"Asilia" ifute tu. Sijui ni kijiti gani cha porini kilichotengenezwa kiwandani.

Kitanda cha mbao ni halali, maana kimeundwa kwa mbao kweli. Mwiko wa mbao nimechoka kuupinga, na siku hizi nikiuona ninapita nimefumba macho. Ila katika somo lako andika "kijiti kikavu cha kufyatulia mtego", na kwa kuwa kutega wanyamapori bila kibali ni kosa kisheria, ongeza kwamba kila mtego wa mazoezi uteguliwe kabla ya kuondoka kambini.