Mpenzi Yuko Mshtarii: Maneno kwa Wanaoanza Kuandika Mapenzi ya Anga za Mbali

Miswada mipya imesomwa, wadogo zangu, na nahodha yuleyule amerudi. Chombo chake kinavuja hewa karibu na Mirihi, anabonyeza kitufe, na papo hapo uso wa mpenzi wake unatokea kiooni kutoka Mshtarii. Wanaongea, wanalia, wanataniana, kana kwamba mmoja yuko mtaa wa Kondele na mwingine Milimani, hapo hapo Kisumu. Kikao chetu kilichopita cha kusoma miswada Kisumu alikuwepo. Kile cha kabla yake pia. Jina tu ndilo hubadilika.

Sitaeleza msuko ni nini wala taharuki hujengwaje. Hayo mlimaliza shuleni na mnayajua. Uandishi mnao. Shida ni kwamba mnawapeleka wapenzi angani halafu mnaikataza anga isiwaguse. Ikiwa umbali, kasi na uzito havibadilishi chochote kati ya wawili hao, ungewaacha Kakamega ukaokoa gharama ya injini.

1. Chora jedwali kabla ya sura ya kwanza: ukurasa mmoja, safu nne, yaani mahali, umbali, muda wa chombo kufika, muda wa ujumbe kufika.

2. Ujumbe. Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo vitabu vyenu hufia.

Nuru huenda takriban kilomita 300,000 kwa sekunde, na mawimbi ya redio hayaendi kasi kuliko hapo. Kutoka Duniani hadi Mwezini ni sekunde 1.3. Watu wanaweza kuongea, ila kila jibu litatanguliwa na kimya kifupi cha kuudhi. Hadi Mirihi ni kama dakika 3 sayari zikikaribiana, na 22 zikiwa pande mbili za Jua. Hadi Mshtarii ni kati ya dakika 33 na 54. Ukisema "nakupenda" ukiwa Duniani, "nami pia" itakufikia baada ya saa moja na ushei, na hiyo ni siku ya bahati.

Sasa tazameni kosa hili linavyokula kitabu. Sura ya 2, Akinyi, fundi wa mitambo katika kituo cha Europa, mmoja wa miezi ya Mshtarii, anaongea uso kwa uso na Wafula, nahodha wa chombo cha shehena. Mwandishi alitaka tuone wanavyopendana, na njia nyepesi ilikuwa kuwapa simu. Sura ya 5 wanagombana kwa simu hiyohiyo, sura ya 6 wanapatana. Msomaji hajalalamika bado. Kisha inafika sura ya 9, ambayo kitabu kizima kiliandikwa kwa ajili yake: kituo kinashambuliwa, Wafula anaambiwa Akinyi amekufa, anatelekeza shehena na kujiunga na waasi ili alipize kisasi. Lakini Akinyi yu hai. Mbona hakupiga simu? Mwandishi anakuna kichwa, anateremsha dhoruba ya sumaku ya kukata mawasiliano. Dhoruba inadumu sura nne na kukoma siku ileile ambayo msuko unataka ikome. Msomaji kule Nakuru aliyetoa pesa zake anafunga kitabu, na ana haki.

Kinachouma ni kwamba kosa hilo halitengenezwi kwa kuongeza aya mbili za kuieleza dhoruba. Kosa haliko sura ya 9, liko sura ya 2. Siku ulipowapa wapenzi simu ya papo hapo, ulishaahidi kwamba hakuna anayeweza kupotea. Kwa hiyo kila mazungumzo yao tangu mwanzo lazima yaandikwe upya, na pamoja nayo ugomvi, upatanisho, siri walizotoboleana, na ule utani wa jina la paka unaorudi sura ya 14. Ndiyo sababu mtu hurudishiwa kurasa 200 na kuambiwa aanze karibu na mwanzo. Ndiyo sababu pia huwa mnanuna.

Tiba ni kuchagua sheria moja mapema na kuiandika juu ya lile jedwali. Unaweza kubaki ndani ya mfumo wetu wa Jua na kuitii nuru. Unaweza kubuni vyombo vinavyoipita nuru, lakini ujumbe usafiri ndani ya vyombo hivyo, kama barua zilivyosafiri na majahazi; hapo unapata zawadi ya bure, kwa sababu mbeba barua anaweza kuchelewa, kuzama, kuisoma, au kumpenda yule anayepelekewa. Au unaweza kuruhusu ujumbe wa papo hapo lakini uweke bei: maneno 20 kwa mwezi, au kila neno lipite mbele ya karani wa jeshi. Bei itajwe kabla haijahitajika. Ikitajwa sura ya 9, ni dhoruba ya sumaku iliyobadilishwa nguo.

Ukichagua kuitii nuru, chora mistari miwili ya saa, mmoja wa kila mpenzi, uweke alama ya kutuma na ya kupokea. Chukua mkawio, yaani kuchelewa kwa ujumbe, wa dakika 45. Saa 2:00 Akinyi anatuma maneno makali. Saa 2:20 Wafula, ambaye hajayasikia, anatuma msamaha kwa jambo la jana. Maneno makali yanamfikia Wafula saa 2:45. Msamaha unamfikia Akinyi saa 3:05, naye anadhani ndiyo jibu, anaona Wafula kanywea mara moja kama mtu asiye na msimamo. Halafu anaangalia saa. Jibu halisi haliwezi kufika kabla ya saa 3:30. Kumbe aliomba msamaha bila kusukumwa! Hakuna aliyemwambia Akinyi kwamba anapendwa. Amelijua kwa kutoa na kujumlisha. Na saa 3:30 bado inakuja, na jibu la yale maneno makali liko njiani. Ukiwa na tukio kama hilo huhitaji maharamia katika sura hiyo.

Tena Jua lenyewe hukaa katikati. Kila baada ya miaka miwili na ushei Mirihi huenda nyuma ya Jua tukiiangalia kutoka hapa, na kwa muda wa wiki mbili hivi mawasiliano na vyombo vilivyoko kule husitishwa. Ukitaka kimya, hicho hapo, na tarehe yake inajulikana mapema, kwa hiyo si hila. Mtu anaweza hata kuisubiri ili atoroke.

3. Injini. Chombo kinachoongeza kasi mfululizo kiasi cha kuwapa abiria uzito wao wa Duniani kinafika Mirihi kwa saa 42 hivi sayari zikiwa karibu kabisa, mradi katikati ya safari kigeuke na kuanza kupunguza kasi. Wengi wenu husahau kugeuka, na chombo chenu kingepita Mirihi kwa kasi ya zaidi ya kilomita 1,000 kwa sekunde huku bwana harusi akipunga mkono dirishani. Wakati wa kugeuka injini huzimwa na kila mtu huelea kwa dakika chache. Mtu anayetafuta mahali pa busu la kwanza asihangaike. Kwa roketi za leo safari hiyo ni miezi 6 hadi 9, na hiyo ni hadithi nyingine kabisa, ya watu waliochokana.

4. Kila mtu wa huku anataka roketi iruke Kisumu. Naelewa, lakini fikirini. Roketi hurushwa kuelekea mashariki ili iazime mzunguko wa Dunia, ambao kwenye ikweta ni mita 465 kwa sekunde, na hatua ya kwanza ikiisha mafuta hudondoka mamia ya kilomita mbele. Mashariki ya Kisumu kuna Kericho, kuna Nakuru, kuna Nyandarua. Watu hao wamewakosea nini? Waitaliano walipotafuta mahali pa kurushia Kenya walijenga jukwaa baharini karibu na Malindi, likatumika kuanzia 1967 hadi 1988. Setilaiti ya Uhuru iliruka kutoka pale tarehe 12 Desemba 1970. Mashariki ya Malindi kuna samaki tu.

Mkitaka kitu cha Magharibi ya Kenya chenye mantiki, simamisheni lifti ya anga Maseno, maana ikweta inapita pale. Kebo ya lifti hushikwa na kituo kilicho kimo cha kilomita 35,786, ambako chombo huzunguka sambamba na Dunia, na huendelea juu zaidi hadi kwenye uzani wa kuikaza. Lifti ikipanda kilomita 200 kwa saa, safari hadi kituoni ni siku saba na nusu. Watu wawili wasiojuana, vitanda vya ghorofa, dirisha moja, juma zima. Saa 13 baada ya kuondoka mmefika kimo cha kama kilomita 2,600 na kila mmoja ana nusu ya uzito wake. Mzee aliyepandishwa akiegemea mkongojo anaanza kutembea kwa madaha. Kila siku uzito unapungua, hadi kituoni unakwisha. Hapo mna kipimo cha mapenzi kinachobadilika chenyewe sura hadi sura, bila nyinyi kueleza kitu.

Litakaloharibika ni nini? Radi. Ukanda huu wa ziwa una ngurumo nyingi, na kebo itakuwa ndiyo kitu kirefu kuliko vyote. Mtu wa zamu ya hali ya hewa pale chini ndiye anayeamua lifti ianze au isubiri, na ikiwa ndiye aliyeachwa na abiria wa kitanda cha juu, hapo nami nitasoma usiku kucha. Kuhusu kebo imetengenezwa kwa nini, nyamaza. Hakuna kitu tunachotengeneza leo kwa urefu huo chenye nguvu ya kutosha, na kurasa tatu za maelezo hazitakiumba.

5. Miili. Mtu anayeelea damu humpanda kichwani: uso huvimba, pua huziba kama mwenye mafua, chakula hupoteza ladha na watu huanza kuitamani pilipili. Kwa hiyo shujaa wako wa kike hatanusa manukato ya mtu yeyote siku za kwanza, na "mashavu yake yaliyochongoka" hayapo. Machozi hayatiririki, hukusanyika kuwa tone zito linalong'ang'ania jicho na kuwasha. Ukimkumbatia mtu kwa kumrukia, mtaenda wote wawili hadi ukutani. Mmoja lazima atie mguu kwenye kishikio kwanza. Andika huo mguu.

Kama hutaki tabu hiyo, zungusha kituo. Nusu kipenyo cha mita 224 kikizunguka mara 2 kwa dakika kinakupa uzito wa Duniani. Mita 56, mara 4. Gurudumu la mita 10 lingehitaji mizunguko zaidi ya 9 kwa dakika, na karamu ya arusi ingekuwa ya kutapika.

6. Umri. Anayesafiri kwa kasi kubwa ndiye anayebaki kijana. Baadhi yenu mmeligeuza. Nekesa na Kiprono wana miaka 25 wote wawili. Nekesa anakwenda kwenye nyota iliyo miaka nuru 10 kutoka hapa, yaani umbali ambao nuru huumaliza kwa miaka 10, kwa asilimia 80 ya kasi ya nuru, anageuka mara moja na kurudi. Nyumbani imepita miaka 25, chomboni 15. Anateremka akiwa na miaka 40, Kiprono ana 50. Msikimbilie kufurahia mvi za Kiprono, kwani jambo kubwa liko kwa wazee: mahari ilikubaliwa kabla ya safari, ng'ombe waliotolewa wamezaa vizazi na vizazi, na pande mbili zinabishana watumie kalenda ipi. Hiyo sijaisoma kwa yeyote kati yenu.

7. Ombwe, yaani mahali pasipo hewa, halimlipui mtu wala halimgandishi papo hapo. Ana sekunde 10 hadi 15 za fahamu, na akibana pumzi mapafu hupasuka, kwa hiyo aiachie. Mwaka 1966 fundi mmoja aliyekuwa akijaribu vazi la anga katika chumba cha ombwe cha NASA, Houston, alichomokewa na bomba la hewa. Alizimia, akaokolewa, akakumbuka mate yakimchemka ulimini. Sekunde 15 zinatosha kufungua mlango mmoja. Hazitoshi kwa hotuba.

8. Vita: hakuna mlio, na kila chombo kinachofyatua hupata joto lisilo na pa kwenda ila kupitia mabawa ya kupoza. Piga mabawa hayo na adui atachagua kati ya kujisalimisha na kuiva.

9. Mapenzi yenyewe. Toa mpenzi mmoja kwenye mswada, soma tena muhtasari. Vita ikiisha vilevile, umeandika pambo. Uamuzi mkubwa wa theluthi ya mwisho lazima ugharimu kitu ambacho mtu asiyependa asingelipa. Na nahodha anayempenda kuruta aliye chini ya amri yake, andika hiyo amri. Anayeweza kukupangia zamu ya nje ya chombo si mchumba wa kawaida, na msomaji wa kike ataliona hata kama wewe hukuliona. Mpinzani wa mapenzi awe na hoja. Wapinzani wenu wote ni wapumbavu wenye kovu, na tunabaki kujiuliza yule dada alikuwa na akili gani kuwafikiria hata kwa sura moja.

10. Sadfa. Galaksi hii ina upana wa miaka nuru kama 100,000 na nyota zisizopungua bilioni 100, na mashujaa wenu wote hukutana na mpenzi wa zamani kwenye baa ya kwanza wanayoingia. Mnaruhusiwa sadfa moja, mwanzoni, na iwatie shidani badala ya kuwatoa.

11. Roboti mchekeshaji ni mmoja kwa kila riwaya, na asimpe mtu ushauri wa mapenzi.