Folda za NAS zinagoma kufunguka: soma namba ya kosa kabla hujabadili nywila

Mkuu, nimekuelewa hivi: NAS (kile kisanduku cha diski kinachotunza faili za nyumba nzima kwenye mtandao) iko sebuleni hapo Ilazo, laptopu mpya ya Windows 11 inakataa nywila ya folda ya familia, na tangu umeme ukatike juzi hata laptopu ya zamani inasuasua. Hayo ni matatizo mawili, tusiyachanganye.

La umeme ni jepesi. Umeme ukirudi, ruta inaweza kuigawia NAS anwani nyingine. Ilikuwa 192.168.1.20, leo ni 192.168.1.34, na njia ya mkato uliyohifadhi bado inabisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa. Kosa lake huwa 0x80070035: hujafika mlangoni, hiyo nywila hata haijaulizwa. Ingia kwenye ruta uifungie NAS anwani moja, tuseme ile ile 192.168.1.20, kwa MAC yake (namba ya utambulisho ya kadi yake ya mtandao). Angalia pia kama una ruta mbili, ya faiba na kile kiboksi cha laini ya simu cha akiba. Moja ikigawa 192.168.1.x na nyingine 192.168.8.x, laptopu iliyoshika Wi-Fi ya pili haitaiona NAS hata ukiiweka juu yake. Hakikisha kwenye PowerShell, dirisha la amri la Windows (445 ni mlango wa folda za mtandao):

Test-NetConnection 192.168.1.20 -Port 445

TcpTestSucceeded ikiwa True, njia ni safi. Achana na ruta.

Sasa hiyo laptopu mpya. Kosa 1326 ni jina au nywila, na mara nyingi mkosaji ni jina. Windows hutanguliza jina ulilofungulia laptopu, ambalo NAS hailijui. Ile PIN ya kufungulia laptopu nayo haihusiki kabisa, NAS inataka nywila iliyotengenezwa ndani yake. Kuna pia nywila ya zamani iliyohifadhiwa ambayo Windows huituma kimyakimya. Itazame kwa cmdkey /list, kisha:

cmdkey /delete:192.168.1.20
net use * /delete
net use Z: \\192.168.1.20\familia /user:NAS\familia *

Badala ya NAS\familia weka jina la kifaa chako na la mtumiaji. Amri ya pili inakata drive zote za mtandao, kwa hiyo funga faili kwanza. Ile nyota ya mwisho inafanya nywila iulizwe bila kuonekana kwenye skrini. Ukikutana na 1219, Windows inakataa kuingia seva moja kwa majina mawili kwa wakati mmoja. Toka kwenye akaunti, ingia tena, rudia.

Kama folda uliiacha wazi bila nywila, basi sababu ni nyingine. Windows 11 Pro toleo la 24H2 inadai saini kwenye SMB (lugha ambayo Windows hutumia kufungua folda za mtandao), na mgeni asiye na nywila hawezi kusaini. Ujumbe wake unataja sera za usalama za taasisi yako, na hapa Dodoma mtu anaweza kudhani kauziwa laptopu ya ofisi! Tengeneza mtumiaji mwenye nywila kwenye NAS, yaishe. Usiwashe SMB1, toleo la kizamani la SMB, kutafuta njia ya mkato. Windows 10 ilishaacha kuiweka tangu toleo la 1709 la mwaka 2017. Kama NAS haijui kingine, isasishe ije SMB2 au SMB3.

Kosa 5 ni habari tofauti: umetambuliwa ila huna ruhusa. Ruhusa ziko tabaka mbili, za folda iliyoshirikishwa na za diski yenyewe, na iliyo kali zaidi ndiyo inayoshinda. Kama NAS yako ni Linux yenye Samba (programu inayoshirikisha folda kwa SMB), mtumiaji wa mfumo si lazima awe wa Samba. Muongeze kwa smbpasswd -a, halafu:

chgrp -R familia /srv/familia
chmod 2775 /srv/familia

Ile 2 mbele inafanya faili mpya zirithi kundi. Ukiona mtu anashauri 777, yaani ruhusa zote kwa kila mtu, mpite.

Ila kama wote wanasoma na hakuna anayeweza kuandika, na ilianza baada ya umeme kukatika, usiguse ruhusa. Andika mount kwenye NAS uone kama diski imeandikwa ro, yaani kusoma tu. Hiyo imejifunga baada ya kukuta hitilafu. Nakili picha na nyaraka kwenye diski ya nje kwanza, iondoe kwa umount, ndipo uendeshe fsck, amri ya kukagua na kurekebisha diski. Ukiiendesha diski ikiwa bado imeunganishwa, unaweza kuharibu hata kilichokuwa kizima.