Je, Amy Sherald ni msanii wa ughaibuni?

SWALI: Katika makala kuhusu picha ya Michelle Obama iliyozinduliwa Washington mwaka 2018, niliandika "picha ya msanii wa ughaibuni Amy Sherald". Mhariri aliyakataa maneno hayo bila kunieleza sababu. Kosa liko wapi?

JIBU: Makosa ni mawili, na lililo zito zaidi limo katika "ughaibuni". Neno hilo humhusu mtu aliye mbali na kwao, kwa hiyo kabla ya kulitumia ni lazima ujiulize kwao msanii ni wapi. Sherald alizaliwa mwaka 1973 mjini Columbus, katika jimbo la Georgia. Marekani ndiko kwao, na kumwita wa ughaibuni ni kumfanya mgeni katika nchi aliyozaliwa. Njideka Akunyili Crosby, ambaye alizaliwa Enugu, Nigeria, mwaka 1983 na kuhamia Marekani angali kijana, ndiye anayestahiki kuitwa mchoraji wa ughaibuni, na hata kazi zake zinaafikiana na jina hilo: watu anaowachora huonekana ndani ya vyumba ambavyo kuta na sakafu zake zimesheheni picha zilizohamishwa kutoka katika magazeti ya Nigeria na albamu za familia yake.

Anayetatiza ni mchoraji Lynette Yiadom-Boakye, aliyezaliwa London mwaka 1977 na wazazi waliotoka Ghana. Wapo wanaomhesabu kuwa mwanadiaspora, nami sina ugomvi nao, kwa sababu "diaspora" hubeba pia nasaba iliyotawanyika, hata ikipita vizazi vingi, ilhali "ughaibuni" haibebi maana hiyo, ingawa katika taarifa za habari maneno haya hutumiwa kana kwamba ni pacha.

Kosa la pili ni la kisarufi. "Picha ya Sherald" yaweza kuwa aliyoichora, anayoimiliki, au inayomwonyesha yeye mwenyewe, na katika makala kuhusu picha za watu utata huo hauvumiliki. Kihusishi "ya" kiachiwe anayeonekana pichani, naye mchoraji aletwe kwa kitenzi. (Kwa Yiadom-Boakye swali la "picha ya nani?" halina jibu, maana watu anaowachora ni wa kubuni.) Andika, basi: "picha ya Michelle Obama iliyochorwa na Amy Sherald, Mmarekani mwenye asili ya Afrika".