Maswali yenu: Kabla hujauza kiwanja umpeleke mtoto soba

Jumbe nyingi za mwezi huu zinauliza jambo moja: ndugu yetu anakula unga, yaani heroini, tumpeleke wapi na tulipe nini. Nimechagua chache ambazo majibu yake yatawafaa wengi. Soba ni nyumba ambako mraibu hukaa na kusaidiwa kuacha. Wanaoandika "naomba unitajie soba nzuri" bila kusema mgonjwa anatumia nini, tangu lini, na yupo mkoa gani, waandike upya. Aliyezoea heroini, aliyezoea gongo na anayevuta bangi hawatibiwi kwa njia moja.

Mwanangu ana miaka 24, anakula unga. Nimepata soba wanataka laki tatu kwa mwezi, nilipe miezi minne yote kabla hajaingia. Nina kiwanja Chanika. Nikiuze? (Mama, Tandika)

Usikiuze, mama. Angalau usikiuze kabla hujafika hospitali ya Temeke, ambako kutoka hapo Tandika kijana anaweza kwenda hata kwa miguu. Pale kuna kliniki ya methadoni, dawa ya kunywa inayoshika nafasi ya heroini, na hutolewa bure. Huduma hii ilianza Muhimbili Februari 2011, ikaenda Mwananyamala na Temeke, na sasa ipo pia Itega Dodoma, Sekou Toure Mwanza, Mbeya na kwingineko. Zanzibar ipo Kidongo Chekundu. Gharama yako kubwa itakuwa nauli, kwa sababu, hasa mwanzoni, anatakiwa kufika kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo, anywe dawa mbele ya muuguzi. Nasema wazi kwamba huwa nakasirika ninapokutana na familia iliyouza shamba kumlipia mtoto, na hakuna aliyewahi kuwaambia kuwa kuna tiba ya bure vituo vitatu vya daladala kutoka kwao.

Hata hivyo wapo wanaopata nafuu kupitia soba. Kama kijana mwenyewe anataka huko, nenda kaione kwanza, bila begi wala fedha. Fika saa za chakula cha mchana na usipige simu kabla. Tazama sufuria jikoni, ingia chooni, linganisha idadi ya vitanda na ya watu. Kisha omba ratiba ya wiki iliyoandikwa. Arosto ya heroini, yaani mateso ya mwili unapoikosa dawa uliyoizoea, huanza ndani ya saa 8 hadi 12 baada ya kete (kipimo cha unga) ya mwisho, huwa kali kabisa siku ya pili na ya tatu, halafu kwa kawaida hutulia ndani ya wiki moja au zaidi kidogo. Wewe unatozwa miezi minne. Hizo wiki nyingine zote atakuwa anafanya nini? Wakikujibu kwamba wanapumzika na kusali, sala ni jambo jema, lakini hiyo siyo huduma unayolipia. Unatakiwa kuona ushauri nasaha wa mtu mmoja mmoja na wa kikundi, umjue mshauri na mahali alipojifunzia, ujue watampima lini VVU, kifua kikuu na homa ya ini, na mtu akizidiwa usiku wanamkimbiza hospitali gani na kwa usafiri gani. Uliza pia kama Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya (DCEA) inaitambua nyumba hiyo. Ukiwa na shaka piga namba yao 119, ni bure.

Kuhusu malipo, lipa mwezi kwa mwezi, na upewe risiti yenye jina la nyumba. Usitume kwenye namba ya simu ya mtu binafsi. Waulize mapema: akitoroka wiki ya pili, fedha iliyobaki inakuwaje? Wanaokataa kabisa malipo ya mwezi mmoja mmoja wanajua jambo kuhusu hiyo wiki ya pili ambalo hawajakuambia.

Na hili hukuniuliza, lakini ndilo ninaloliona likiwaangusha watu. Fedha yote huishia mlangoni siku ya kuingia. Kijana anakaa miezi minne, anatoka na nguo mbili kwenye mfuko, anarudi chumba kile kile, maskani ile ile ya wala unga ipo nyuma ya nyumba, hana kazi, hana hata nauli ya kwenda kumwona mshauri. Kama una milioni moja na laki mbili, tenga nusu yake kwa ajili ya miezi sita baada ya kutoka: chumba mtaa mwingine au kwa shangazi mkoani, nauli, ada ya kujifunza ufundi. Taasisi ya Marekani ya utafiti wa dawa za kulevya, NIDA, inasema tiba ya chini ya siku 90 huwa na mafanikio madogo, awe mtu amelazwa au anatokea nyumbani, na kwa methadoni inataja miezi 12 kuwa kiwango cha chini. Kwa hiyo hizo siku 90 si lazima zote awe ndani ya geti la mtu.

Ipo dawa ya kumtilia kwenye chai aache bila kujua? (Wasomaji kadhaa)

Hakuna. Nimeulizwa hili mara nyingi mno, na jibu halitabadilika. Hizo dawa za siri mnazouziwa hamjui zimechanganywa na nini, na mtu ambaye tayari ana heroini mwilini akiongezewa dawa ya usingizi anaweza kuacha kupumua akiwa mezani kwenu.

Mchungaji wetu anasema methadoni ni unga wa serikali. Mume wangu ameitumia karibu miaka miwili na sasa yuko vizuri. Aache? (Mke, Mbagala)

Asiache. Nguvu ya heroini huisha baada ya saa chache, ndiyo maana alikuwa akihangaika kuitafuta mara tatu au nne kwa siku. Methadoni akinywa mara moja inamtosha siku nzima, na dozi ikishakaa sawa hapati stimu wala arosto. Hajidungi tena, kwa hiyo hachangii sindano, na hatari ya VVU na homa ya ini aina ya C inapungua. Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2005. Wapo watakaoitumia kwa miaka mingi, kama mwenye kisukari anavyotumia dawa zake, na hakuna aibu katika hilo. Siku akitaka kuacha, dozi hupunguzwa taratibu mno chini ya daktari. Kuacha ghafla kwa sababu ya mahubiri ni kumrudisha maskani.

Mwombe mchungaji aende naye kliniki asubuhi moja. Ataona foleni, ataona kikombe kidogo, mtu anakunywa, anaongea maneno mawili na muuguzi ili ionekane amemeza, kisha anaondoka kwenda kwenye shughuli zake.

Jambo moja zaidi kwa wote wenye wagonjwa wa methadoni. Akianza dawa za kifua kikuu, rifampisini iliyo ndani yake huifanya methadoni iishe nguvu mapema. Atatoka jasho, atapiga miayo, hatalala, atawaambia dozi haitoshi. Msimwite mwongo. Mrudisheni kliniki, wahudumu waangalie dozi upya. Na asichanganye methadoni na pombe au valiamu (dawa ya kutuliza na kuleta usingizi), mchanganyiko huo unaua.

Mwanangu wa kidato cha tatu anavuta bangi. Nimpeleke methadoni? (Baba, Morogoro)

Hapana. Methadoni ni ya waraibu wa heroini na dawa za jamii yake tu. Mtafutie ushauri nasaha, na kama anasikia sauti au anadai watu wanamfuata, mpeleke kwa daktari wa afya ya akili hospitalini, si soba.

Nipo Muscat, nafanya kazi za ndani. Namtumia kaka fedha ya soba ya mdogo wetu, huu ni mwaka wa pili. Nikitaka kuongea naye naambiwa yupo darasani. (Dada)

Dada yangu, mwezi huu usitume kitu mpaka umwone mdogo wako kwa video, akiwa mahali unapoweza kupatambua. Nyumba nyingi huzuia simu wiki za mwanzo, na hilo lina maana yake. Mwaka wa pili hauna maana hiyo. Ama alishatoka zamani na fedha zinaliwa, ama wanamweka kwa sababu wewe unalipa. Mtume shangazi au mtu mzima mwingine unayemwamini aende siku wasiyoitarajia. Ikibainika kweli yupo, lipa nyumba yenyewe, na udai wakuandikie tarehe ya kutoka na mpango wa kumfuatilia. Jasho lako la huko lisiwe mshahara wa kaka.

Mume wangu anakunywa gongo tangu asubuhi. Nimfungie chumbani wiki moja iishe mwilini? (Mke, Kibaha)

Usithubutu. Arosto ya heroini inatesa lakini ni nadra kumuua mtu mzima mwenye afya. Kuacha pombe ghafla kwa mtu anayekunywa kutwa kunaweza kuua: mikono inatetemeka, kifafa kinaweza kumpata ndani ya siku mbili za kwanza, kisha anaweza kuchanganyikiwa na kuona vitu visivyokuwepo. Aachishwe hospitalini, ambako kuna dawa za kuzuia hayo na vitamini B1. Aliyezoea valiamu naye vivyo hivyo. Soba inayopokea walevi sugu bila daktari inacheza na maisha ya watu.

Tumemkuta mdogo wetu kafungwa mnyororo mguuni. Wamesema siku za kwanza wote hufungwa. (Ndugu, Tanga)

Mtoeni leo. Msisubiri mwezi uliolipiwa uishe. Pigeni picha, ripotini polisi na DCEA. Na wazazi mnaowaambia wasimamizi "mpigeni tu, nimeruhusu", nanyi mnashiriki kosa hilo.

Dada yangu anakula unga na ana mimba ya miezi mitano. Soba mbili zimemkataa, wanapokea wanaume tu. Aache ghafla kwa ajili ya mtoto? (Mdogo wake, Kinondoni)

Asiache ghafla. Arosto ikimkamata ghafla inaweza kuharibu mimba au kuleta uchungu kabla ya wakati. Tiba inayopendekezwa kwa mjamzito mwenye uraibu wa heroini ni methadoni pamoja na kliniki ya wajawazito, na hapo Mwananyamala hauko mbali nayo. Mtoto anaweza kuzaliwa na dalili za arosto, ila zinatibika, mradi ajifungulie hospitalini na wahudumu wawe wanajua. Mwambie asiwafiche wakunga. Wewe fuatana naye, maana wanawake hawa hutukanwa kuanzia getini, ndiyo sababu wengi hawaji mpaka uchungu umewashika. Nyumba za wanawake ni chache mno, na wenye uwezo wa kuanzisha wanaendelea kufungua za wanaume.

Huku Mombasa tupige namba gani? (Msomaji)

1192 ya NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, bila malipo. NACADA ndiyo pia huidhinisha vituo vya tiba Kenya, ombeni mwone cheti. Methadoni ipo Kisauni na Malindi.

Kijana wetu alikaa soba miezi mitatu, wiki iliyopita kakutwa maskani. Baba yake anasema fedha imepotea na afukuzwe. (Mama, Arusha)

Mama, mwambie baba kwamba kurudia ni jambo la kawaida katika ugonjwa huu, na miezi mitatu aliyokaa bila unga haijapotea. Ila hatari aliyonayo sasa ni kubwa kuliko ya kabla hajaingia soba. Mwili wake umeshasahau. Kipimo alichokuwa akikimudu zamani kinaweza kumuua leo, na akifukuzwa atatumia peke yake mahali ambapo hakuna wa kumwona akianguka.

Kwa hiyo alale nyumbani, na wote mjue dalili: anakoroma kwa namna isiyo ya kawaida, anapumua kwa shida, midomo inabadilika rangi, haamki mkimtikisa. Msimnyweshe maziwa, msimmwagie maji. Kama hapumui mpulizieni pumzi mdomoni, akishapumua mlazeni ubavu, mkimbizeni hospitali na mseme bila kuficha kuwa ametumia heroini, ili kama wana naloksoni, dawa inayoondoa nguvu ya heroini mwilini, wampe mara moja. Kesho asubuhi mwende naye hospitali ya mkoa mkaulizie methadoni. Na ile soba mliyolipa, wapigieni muwaulize nani alikuwa amfuatilie baada ya kutoka.